Mama, Umefunga Chakula na Karatasi Gani?



Siku moja ya kupima watoto, mtoto wa karibu miaka miwili aliketi chini, karibu na mizani, akingoja mama yake. Mkononi alikuwa na andazi. Alipolimaliza, akaanza kulamba karatasi yake kwa ajili ya mafuta yaliyobaki. Nikamnyang'anya (akalia sana!), nikaifungua ile karatasi. Ilikuwa fomu ya kituo fulani cha afya: jina la mgonjwa, umri wake, na majibu ya kupima choo. Upande wa pili palikuwa na maandiko ya mashine, lakini hayakusomeka tena, maana wino ulikuwa umeyeyuka katika mafuta. Wino ule ulikwenda wapi? Mwingine niliuona kwenye vidole vya mtoto na kando ya mdomo wake. Mwingine alikuwa amekwisha kuumeza.

Sikumkaripia mama yule. Mimi mwenyewe nimekula karanga zilizofungwa katika karatasi za kaye tangu utoto wangu. Tena katika shule ya wauguzi nilikosoma, mitihani ya zamani ilikuwa inauzwa kwa kilo kwa wamama wa sokoni, na sisi tulifurahi kwamba kabati limepata nafasi. Hakuna aliyetuambia neno. Kwa hiyo nataka tuzungumze habari hii polepole, bila kuogopeshana.

Kwa nini karatasi zimezidi sokoni?

Ninyi mnajua. Zamani kidogo kila kitu kilitiwa katika sashe: sukari, chumvi, ndagala, mandazi. Halafu serikali yetu ilitoa amri ya tarehe 30 desemba 2017, ya kukataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia sashe na mifuko ya plastiki. Majirani zetu walifanya vilevile: Rwanda mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, Tanzania mwaka 2019, na Burundi amri yake ilianza kushika mwaka 2020. Sababu ilikuwa nzuri. Mvua ikinyesha mlimani, mito ya Mulongwe na Kalimabenge inasukuma sashe zote mpaka ziwani, na mifereji inaziba.

Amri ilisema juu ya plastiki. Sashe hazikwisha zote, mnaziona bado, lakini wauzaji wengi walishika kitu cha bei ndogo kilichokuwa karibu, yaani karatasi iliyokwisha kutumika: magazeti, karatasi za biro, kaye za wanafunzi, kartoni, na mifuko ya simenti. Hapo ndipo shida yetu inapoanza. Karatasi nyeupe, mpya, isiyoandikwa, haina neno kubwa. Shida ni kile ambacho karatasi ilikuwa imebeba kabla ya kubeba chakula chako.

Wino ni kitu gani?

Wamama wengi wananijibu: "Mama munganga, wino si rangi tu? Rangi inaua mutu?" Sikilizeni. Wino mweusi wa gazeti ni masizi laini sana yaliyochanganywa na mafuta. Si mafuta ya mawese, wala ya karanga. Ni mafuta ya madini, ndugu ya mafuta tunayotia katika mashine. Tena wino wa gazeti haukauki kama rangi ya ukutani. Unazama tu katika karatasi na kukaa pale. Ndiyo maana ukisoma gazeti vidole vinakuwa vyeusi, hata kama gazeti lenyewe ni la mwezi uliopita.

Sasa, mafuta yanapenda mafuta. Ukiosha sufuria ya mafuta kwa maji matupu, haitakati. Lakini mafuta yakikutana na mafuta, yanachanganyika mara moja. Andazi linalotoka katika kikaango ni moto na limejaa mafuta. Ukilifunga katika gazeti, mafuta ya andazi yanaingia katika karatasi, yanaufungua wino, na wino unarudi pamoja nayo ndani ya andazi. Mnaweza kujaribu nyumbani. Chukua kipande cha kitambaa cheupe, kitie mafuta ya kupika yenye moto kidogo, kiweke juu ya gazeti, gandamiza, hesabu mpaka mia moja, kisha kiinue. Utaona herufi kwenye kitambaa. Hivyo ndivyo inavyokuwa kwenye andazi, ila andazi lina rangi ya kahawia na jicho halioni.

Vitu vinne vinafanya wino na sumu nyingine zitoke kwa nguvu katika karatasi: moto, mafuta, maji, na muda mrefu. Vitu vyenye ukali, kama ndimu na nyanya, navyo vinasaidia kuvuta madini. Kwa hiyo karanga kavu zilizokaa dakika tano katika karatasi si sawa na mukeke wa kukaanga uliofungwa asubuhi ukaliwa jioni. Tuwe na akili hapo. Sikusema kila karatasi ni sumu ile ile.

Risasi, na kwa nini ninawafikiria watoto

Katika rangi za wino, hasa manjano na nyekundu za zamani au za bei ndogo, watengenezaji walitumia madini ya risasi. Nchi nyingi zimepunguza au kukataza, lakini ukishika karatasi ya rangi sokoni huwezi kujua ilipigwa chapa wapi na lini. Nayo risasi haina kipimo ambacho waganga wanaweza kusema: mpaka hapa hakuna hatari. Hilo ndilo fundisho la Shirika la Afya Ulimwenguni.

Mtoto mdogo si mtu mzima aliyefupishwa. Mkimeza risasi sawasawa, wewe na mtoto wako, mwili wa mtoto unaipokea mara 4 au 5 kuliko mwili wako. Inakwenda kwenye ubongo unaokua. Mtoto haanguki, haharishi, hana homa. Anakuwa tu mzito wa kujifunza, pengine mwenye hasira, pengine damu yake inapungua, na sisi tunasema: "Huyu mtoto ni mvivu." Sehemu kubwa ya risasi mwilini inajificha katika mifupa, na inakaa humo miaka mingi. Mwanamke akichukua mimba, mwili wake unatoa kalsiumu katika mifupa ili kumjenga mtoto, na risasi ya zamani inatoka pamoja nayo, inaingia katika damu na kumfikia mtoto tumboni.

Lakini kuna habari ya kufurahisha, nayo inatoka ziwani kwetu. Mtoto asiye na chuma na kalsiumu ya kutosha anavuta risasi zaidi, kwa sababu mwili wake una njaa ya madini na unakamata yoyote yanayopita. Mtoto anayekula ndagala nzima pamoja na mifupa yake, na sombe, analindwa kwa sehemu. Kwa hiyo usiache kumpa ndagala kwa kuogopa karatasi. Badilisha karatasi.

Nami niseme neno kando. Wako wamama wenye mimba wanaonisikiliza kwa makini juu ya wino, na huku ndani ya kitenge wana udongo wa kula. Udongo ule nao unaweza kuwa na risasi. Katika nchi nyingine walipoupima waliikuta. Ukijisikia hamu ya udongo, njoo tupime damu yako. Mara nyingi ni damu iliyopungua.

Wazungu nao walikosea

Msidhani shida hii ni ya Uvira tu. Mwaka 2005 katika Italia, polisi walikamata maziwa ya watoto yaliyokuwa katika kartoni nzuri za kiwanda. Ndani ya maziwa walikuta dawa inayotumika kukausha wino wa kartoni. Wino ulikuwa upande wa nje! Iliingiaje? Kartoni zile, kabla ya kukunjwa, zilikuwa zimeviringishwa kama kitambaa dukani, upande wa nje wenye wino ukigusana na upande wa ndani usio na wino. Dawa ikahama. Wataalamu wa Ulaya walipochunguza walisema kipimo kilichoonekana hakikuwa cha kudhuru watoto, lakini hata hivyo haikufaa iwemo. Somo kwetu ni wazi: kugeuza gazeti upande usio na maandiko hakusaidii, kwa maana gazeti lilikaa likiwa limekunjwa, wino kwa karatasi, muda mrefu.

Miaka michache baadaye, karibu na 2010, maabara ya serikali ya jimbo la Zürich katika Uswisi ilionyesha jambo la pili. Kartoni nyingi zinatengenezwa kwa karatasi za zamani zilizosagwa, pamoja na magazeti. Mafuta ya wino yanabaki ndani ya kartoni hiyo, na polepole yanakuwa kama hewa, yanaingia katika mchele au unga hata kama haugusi kartoni yenyewe. Mwaka 2012 ofisi ya Ulaya inayoangalia usalama wa chakula ilisema kwamba sehemu moja ya mafuta hayo inaweza kuleta kansa. Usifikiri ni kansa ya kesho asubuhi. Ni mambo ya kidogo kidogo kwa miaka mingi, na ndiyo sababu tunaanza na watoto, maana wana miaka mingi mbele.

Huko India, ambako watu wanakula njiani kama sisi, serikali iliwaonya watu mwaka 2016 wasifunge chakula katika magazeti, na sheria yao ya mwaka 2018 ikakataza kabisa. Hata hivyo mwaka 2023 walilazimika kuonya tena! Basi mnaona, amri peke yake haifungi andazi.

Kuna pia karatasi zinazong'aa ambazo mafuta hayapiti, za kufungia vyakula vya kukaanga. Nyingine zilitiwa dawa ambayo haiozi hata baada ya miaka mingi, wala mwili hauitoi upesi. Denmark iliikataza katika karatasi za chakula mwaka 2020, na katika Marekani wenye viwanda wameacha kuuza karatasi za namna hiyo. Serikali yao ilitangaza hivyo mwaka 2024. Kwetu hazijawa nyingi.

Mifuko ya simenti, na mifuko mibaya kuliko yote

Mfuko wa simenti una karatasi mbili au tatu, moja juu ya nyingine. Muuzaji anatoa ile ya katikati, anaikung'uta, anasema: "Hii iko safi." Karatasi yenyewe ni nzuri na ngumu, ni kweli. Lakini vumbi la simenti linajificha katika mikunjo na katika mshono. Simenti ikipata maji inachoma. Waulize mafundi wanaojenga, watawaonyesha mikono yao. Fikiri sasa samaki mbichi, mwenye maji, katika karatasi hiyo. Pia simenti ina madini ya kuwasha ngozi, yaitwayo kromu.

Hata hivyo simenti si mbaya kama mfuko wa dawa ya shamba. Wakulima wa bonde la Ruzizi wanatumia dawa za kuua wadudu katika nyanya na mpunga, na mfuko ukibaki mtupu, mtu anaona hasara kuutupa. MFUKO AU KARTONI YA DAWA YA SHAMBA, YA PANYA AU YA MENDE USITIE CHAKULA KAMWE, hata umeuosha mara saba. Hapa hatuzungumzi tena habari ya miaka mingi. Hapa ni saa chache.

Mtoto aliyekula sumu ya namna hiyo anatoka mate mengi, anatapika, anatoka jasho, anaharisha, mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano, pumzi inakuwa ngumu, anatetemeka au analegea. Usimpe maziwa. Usimpe mafuta ya mawese ili atapike, maana matapishi yanaweza kuingia katika mapafu na kumwua kabla ya sumu. Mvue nguo zilizoguswa na dawa, umwoshe ngozi kwa maji, umlete hospitali mara hiyo hiyo, kwa pikipiki au kwa mgongo. Na ule mfuko au karatasi uje nayo, ndani ya kitu kilichofungwa. Munganga akisoma jina la dawa anajua ashike sindano gani. Mara nyingi watu wanaleta mtoto na kuacha mfuko nyumbani, halafu mtu anakimbia kuurudia huku sisi tunangoja.

Lakini kipindupindu ndicho cha kwanza

Hapa nitasema kile ambacho wanafunzi wangu wananiuliza kila mwaka: kama mama hana nguvu ya kuangalia yote, aangalie nini kwanza? Katika Uvira jibu ni vijidudu. Karatasi ambayo imeshikwa na mikono kumi, imeanguka chini, imelala karibu na mfereji, inaweza kubeba kuhara wiki hii. Wino utangoja miaka. Mji wetu unajulikana duniani kwa kipindupindu. Wataalamu waliangalia Uvira miaka ya 2009 mpaka 2014, wakaona kwamba maji ya REGIDESO yakikatika, wagonjwa wa kipindupindu wanaongezeka katika siku 12 zinazofuata.

Kwa hiyo shauri lolote nitakalowapa juu ya karatasi lisiwaletee maji machafu. Nilisikia mama mmoja aliyeacha magazeti, akashika majani ya migomba, vizuri sana, kisha akayaosha ziwani karibu na mahali watu wanapooga. Huyo amefukuza paka na kufungulia chui mlango.

Tufunge katika nini?

Wamama wauzaji wananiuliza kwa uchungu: "Sasa tufunge mu nini? Utatulipia?" Ni haki kuuliza. Faida ya mandazi ni ndogo, na karatasi safi inanunuliwa.

Jani la mgomba ni la kwanza kwangu. Bibi zetu walifunga nalo, na halina wino. Lifute vumbi, lioshe kwa maji yaliyotiwa dawa ya kuua vijidudu au yaliyochemshwa, kisha lipitishe juu ya moto mpaka libadilike rangi na kulainika. Moto unaua vijidudu, na jani halipasuki tena ukilikunja. Lile lililotoka shamba lililopigwa dawa karibuni uliache.

La pili ni bakuli ya mnunuzi mwenyewe. Ukienda kununua mandazi au samaki wa kukaanga, nenda na bakuli yako yenye kifuniko. Mwanzoni watakucheka. Muuzaji naye aweke mandazi katika beseni lenye kifuniko au kitambaa safi kilichochemshwa, na atumie uma badala ya vidole vilivyoshika pesa.

La tatu, kwa asiyeweza hayo: acha andazi litoke mafuta juu ya chujio na lipoe kabisa kabla ya kulifunga. Andazi lililopoa na kukauka linavuta wino kidogo sana kuliko la moto. Kisha weka karatasi nyeupe isiyoandikwa, au kipande cha jani, kati ya andazi na gazeti. Si dawa kamili, lakini ni afadhali. Na ukifika nyumbani, usiache chakula kikae humo. Kitoe mara moja, na karatasi isiwe kitu cha kuchezea mtoto.

Unga wa uji wa mtoto usiuweke katika kartoni iliyotumika wala katika gazeti. Unakaa humo wiki nzima, na mtoto anaula kila siku. Tafuta ndoo yenye kifuniko au chupa kavu. Wala usikimbilie sashe nyembamba ya plastiki kwa maharage ya moto au chai ya moto. Plastiki nayo inaachilia vitu vyake ikipata joto.

Nani anaangalia?

Kwa vitu vya kiwanda na vile vinavyopita mpaka wa Kavimvira iko OCC, ofisi ya serikali ya kupima bidhaa, iliyoanzishwa mwaka 1974. Tangu mwaka 2022 nchi yetu imo pia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na vitu vingi tunavyokula vinatoka kwa majirani hao. Lakini karatasi ya mama anayeuza mandazi pale Kalundu haipiti mbele ya OCC. Hiyo ni kazi ya watu wa usafi wa zona ya afya, ambao ni wachache, na ya kamati za soko, ambazo mnaweza kuzisemesha wenyewe. Hata Ulaya, ambako plastiki ya chakula ina sheria yake ndefu, karatasi haina sheria ya namna hiyo kwa nchi zote pamoja. Wana kanuni moja ya mwaka 2004 kwa kila kitu kinachogusa chakula: kisitie ndani ya chakula kitu cha kudhuru afya, kisibadilishe chakula chenyewe, wala kisiharibu utamu na harufu yake. Pua ya mama inaweza kupima sehemu ya tatu bila maabara. Andazi linalonuka gazeti au petroli, lirudishe.

Na neno moja kwa wenzangu wa vituo vya afya, ikiwa mnasoma kijitabu hiki: fomu za wagonjwa hazina kazi sokoni. Zichomeni shimoni.

Siku ya kupima watoto inayokuja, kila mama alete kipande cha karatasi ambayo chakula cha jana kilifungwa. Kitambaa cheupe na mafuta nitaleta mimi. Tutaviweka vyote mezani, tuhesabu mpaka mia, tuone.